MTOTO MSAHAULIFU APEWE UTARATIBU, SI FIMBO



Katika nyumba nyingi za watu wa reli yuko mtoto wa namna hii. Akili anayo, ukimwuliza hesabu kwa mdomo ajibu upesi. Lakini kalamu imepotea, daftari limebaki nyumbani, kazi aliyopewa Jumatatu aikumbuka Alhamisi, na katika mtihani yuko swali la nne wenzake wakiwa wamekwisha maliza. Mwisho wa muhula ripoti yaja imeandikwa “mvivu”, na baba aliyetoka zamu ya usiku atafuta fimbo.

Sisi twasema fimbo haitaifanya kazi hiyo. Mtoto huyu hakosi kwa ujeuri, ila hawezi kuyapanga mambo yake peke yake. Ukimpiga ataingia hofu, na mwenye hofu husahau zaidi.

Tutazame kazi yetu wenyewe. Je, treni huenda kwa kumbukumbu ya dereva? Hata dereva wa miaka ishirini hufuata ratiba iliyoandikwa, wala hatoki stesheni bila kupewa njia. Hakuna anayemwita mjinga kwa sababu ana karatasi mkononi. Reli ilijua zamani kwamba kichwa cha mtu husahau, ikaweka utaratibu ili kosa la mmoja lisiue wengi. Basi kwa nini mtoto wa miaka kumi atakiwe kubeba yote kichwani?

Mambo ya kuomba shuleni ni madogo. Akae mbele, karibu na mwalimu. Aambiwe jambo moja moja, si manne kwa mara moja. Kazi ndefu ikatwe vipande. Kazi ya nyumbani iandikwe katika daftari moja dogo, mwalimu atie sahihi mchana na mzazi atie sahihi usiku. Nasi nyumbani tuhakikishe mkoba umepangwa kabla ya kulala. Twajua mwalimu ana darasa lililojaa, naye ni mfanya kazi kama sisi. Kwa hiyo tumwendee kwa heshima, si kwa ugomvi.

Haya yasipotosha, mzazi amwulize Mwalimu Mkuu, au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, habari za kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum ya elimu. Vituo hivyo Serikali ilivianzisha mwaka 1984. Karatasi ya kituo ina nguvu kuliko maneno ya mzazi, kwa maana Baraza la Mitihani huweza kumwongezea muda mtahiniwa mwenye mahitaji maalum, lakini shule lazima iombe mapema. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, yakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa ukatili, uwe wa mwili au wa moyo. Kumwita mtoto mpumbavu mbele ya wenzake si mafundisho.

Lakini nani ataenda shule? Mzazi huitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mwenye zamu akiogopa kukatwa mshahara haendi, na shule husema baba hajali. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa livu isiyopungua siku 21 kwa mwaka, lakini matatizo ya mtoto hayangoji livu.

Kwa hiyo twataka chama kitie jambo hili katika mapatano yajayo na mwajiri: mzazi aliyeitwa na shule apewe saa chache kila muhula bila kukatwa mshahara, na barua ya Mwalimu Mkuu iwe ushahidi. Wako watakaosema hili ni jambo la nyumbani, si la chama. Twawajibu: mshahara twautafuta kwa ajili ya nani? Mtoto akiacha shule kwa kuitwa mvivu, nyongeza ya mshahara haitamrudisha.

Kila tawi lilizungumze katika mkutano wake na kuandika azimio. Mzazi mmoja akiomba ruhusa huonekana mtoro. Tukiomba sote ni haki.

Umoja ni nguvu.