Utafiti wa kilimo: Mlipakodi asiuziwe mali yake mara ya pili

MKULIMA wa mahindi wa Kiteto na mwenzake wa Trans Nzoia hawana kawaida ya kufuatilia maagizo yanayotoka Ikulu ya Marekani. Lakini agizo lililotolewa huko Agosti 25, 2022 linawagusa kwa karibu kuliko wanavyodhani. Ofisi ya Sera ya Sayansi na Teknolojia ya Ikulu hiyo iliziagiza idara zote za serikali zinazotoa fedha za utafiti, ikiwamo Wizara ya Kilimo, zihakikishe kwamba makala za kitaalamu zinazotokana na fedha hizo zinasomwa bure na mtu yeyote mara tu zinapochapishwa. Mwisho wa kutekeleza ulipangwa kuwa Desemba 31, 2025.

Safari hiyo ilianza zamani. Tangu mwaka 2008 sheria ya Marekani iliwataka watafiti wanaolipwa na Taasisi za Taifa za Afya (NIH) kuweka makala zao katika hazina ya wazi ndani ya miezi 12 baada ya kuchapishwa. Mwaka 2013 utaratibu kama huo ukapelekwa katika idara kubwa, zile zinazotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka katika utafiti. Jipya la agizo la 2022 ni kwamba idara ndogo nazo zimeingizwa, na ile miezi 12 ya kusubiri imefutwa. NIH yenyewe haikungoja siku ya mwisho, kwani kanuni yake mpya ilianza kutumika Julai 1, 2025.

Miezi 12 inaweza kuonekana midogo kwa mtu wa ofisini. Kwa mkulima ni mwaka mzima wa shamba, na kwa maeneo yenye vuli na masika ni misimu miwili iliyopita mtu akiwa gizani.

Biashara ya aina yake

Ili kuelewa kwa nini serikali zimelazimika kuweka kanuni hizo, ni vyema kuitazama biashara ya majarida ya kitaaluma kwa jicho la mfanyabiashara.

Mtafiti analipwa mshahara kwa kodi za wananchi, na maabara, shamba la majaribio na mafuta ya gari lake ni kodi hizohizo. Akimaliza kazi anaandika makala na kuipeleka kwa mchapishaji bila kulipwa. Mchapishaji huwapa wataalamu wengine waikague, nao kwa kawaida hawalipwi. Kisha makala hiyo huuzwa kwa maktaba, ikiwamo maktaba ya chuo alikotoka mtafiti mwenyewe. Mtu wa nje anayetaka kusoma makala moja tu mara nyingi hudaiwa kati ya dola 30 na 50.

Hakuna mwenye duka ambaye hangeitamani biashara ya namna hiyo, ambapo anayeleta mzigo hadai bei, anayeupanga madaraja hadai ujira, na mnunuzi mkubwa ni yuleyule aliyeuleta. Haishangazi kwamba kitengo cha sayansi na tiba cha kampuni ya RELX, wamiliki wa Elsevier, kwa miaka mingi kimekuwa kikibakiza faida ya uendeshaji inayozidi theluthi moja ya mapato yake. Wachapishaji wanajitetea kwamba kusimamia ukaguzi, kuhariri na kutunza makala kwa miaka mingi ni kazi yenye gharama. Hilo ni kweli. Ubishi uko kwenye bei, na kwenye haki ya kumfungia nje aliyelipia utafiti.

Somo la kiwavijeshi vamizi

Faida ya makala iliyo wazi ilionekana katika janga ambalo wakulima wa ukanda huu wanalikumbuka vizuri. Mapema mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya Amerika, alionekana Nigeria, Benin, Togo na Sao Tome. Oktoba mwaka huohuo wataalamu, wakiwamo wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA), walichapisha taarifa yake katika jarida la PLOS ONE, ambalo husomwa bure duniani kote. Mwaka 2017 mdudu huyo alikuwa tayari yumo katika mashamba ya mahindi ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Makala haizuii nondo anayeweza kuruka hadi kilometa 100 kwa usiku mmoja. Lakini mgeni huyu hafanani na viwavijeshi waliozoeleka, wanaotembea kwa makundi na kumaliza majani ya shamba zima. Yeye hujificha ndani ya moyo wa mhindi na baadaye huingia kwenye gunzi. Anatambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Anayemfikiria kuwa ni yule wa zamani hunyunyizia dawa juu ya majani, kwa kuchelewa, na fedha yake hupotea. Afisa ugani aliyekuwa na intaneti aliweza kusoma habari za mgeni huyo miezi kadhaa kabla hajafika. Kama taarifa hiyo ingefungiwa, angetakiwa kwanza atoe dola mfukoni mwake.

Ni kweli kwamba upo mpango wa kuzisaidia taasisi za nchi maskini. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilizindua AGORA, unaozipa taasisi hizo majarida ya kilimo bure au kwa bei ndogo, na leo uko chini ya Research4Life. Lakini mpango huo ni wa vyuo, vituo vya utafiti na ofisi zilizosajiliwa. Mwenye duka la pembejeo wa Makambako au chama cha wakulima wa viazi cha Nyandarua hawamo.

Mlango wa msomaji na mlango wa mwandishi

Hata hivyo, kufungua mlango mmoja kunaweza kufunga mwingine. Makala hufikishwa kwa umma kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mtafiti kuweka nakala yake ya mwisho katika hazina ya chuo au ya serikali, hata kama jarida lenyewe linauzwa. Ya pili ni jarida kuacha kumtoza msomaji na badala yake kumtoza mwandishi.

Njia ya pili imegeuka mzigo. Jarida la Nature lilipoanza utaratibu huo mwaka 2021, lilitangaza tozo ya dola 11,390 kwa makala moja, yaani zaidi ya Sh25 milioni za Tanzania. Si majarida yote yanayotoza kiasi hicho, na mengi huwasamehe au kuwapunguzia waandishi kutoka nchi maskini. Lakini msamaha ni hisani ya mchapishaji, na mtafiti wa Naliendele au Kakamega hawezi kupanga kazi yake kwa kutegemea hisani. Mwanya huo pia umezaa majarida ya kitapeli, yanayopokea fedha na kuchapisha lolote bila kulikagua. Muuza pembejeo anayeonyeshwa makala kwamba dawa fulani imethibitishwa hana budi kuuliza imethibitishwa na nani.

Nchi za Ulaya zimeuona mtego huo. Mwaka 2018 kundi la wafadhili wa umma wa Ulaya lilitangaza mpango wa Plan S, ulioanza kutumika 2021, ukitaka makala zote wanazogharimia ziwe wazi mara moja. Mpango huo uliruhusu njia zote mbili. Taasisi ya Gates, ambayo si ya serikali lakini inagharimia utafiti mwingi wa kilimo Afrika, imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2025 imeacha kulipa tozo za wachapishaji, na inataka watafiti wake waweke wazi rasimu za makala zao. Ujumbe uko wazi kwamba fedha za utafiti ziende shambani, zisiishie kwa mchapishaji.

Kusoma bure si kutumia bure

Lipo jambo jingine ambalo wafanyabiashara wadogo wanapaswa kulifahamu. Makala kusomeka bure hakumpi kila mtu ruhusa ya kuitafsiri, kuichapa au kuiuza. Ruhusa hiyo hutokana na leseni. Iliyo pana kati ya zinazotumika sana ni ile inayoandikwa CC BY, ambayo inamruhusu mtu yeyote kutafsiri, kufupisha, kuchapa na hata kuuza, mradi amtaje mwandishi, aonyeshe leseni na aseme alichobadilisha. Makala za PLOS ONE hutoka kwa leseni hiyo.

Maana yake ni kwamba mwenye mashine ya kuchapa Mbeya au Eldoret anaweza kihalali kutengeneza kijitabu cha Kiswahili kuhusu kiwavijeshi vamizi na kukiuza. Redio ya wilaya inaweza kuandaa kipindi. Lakini makala iliyowekwa hazinani bila leseni ya namna hiyo husomwa tu, na anayetaka kuichapa upya lazima aombe ruhusa. Kanuni inayosema "bure" bila kutaja leseni imefanya nusu ya kazi.

Nyumbani kunahitajika nini

Katika Afrika, Ethiopia imeonyesha njia. Mwaka 2019 wizara yake ya elimu ya juu ilipitisha sera inayovitaka vyuo vikuu vya umma kuweka wazi makala, tasnifu na takwimu zinazotokana na fedha za serikali. Kundi la vituo vya utafiti wa kilimo la CGIAR, ambamo wamo IITA na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) yenye makao Nairobi, lilipitisha sera yake ya uwazi mwaka 2013.

Hazina za kuanzia zipo pia hapa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya (KALRO) wana zao. Lakini hazina bila sharti ni ghala lisilo na mzigo. Mtafiti hupanda cheo kwa makala alizochapisha kwenye majarida, na asipodaiwa kuweka nakala hana cha kumsukuma. Chuo Kikuu cha Liège cha Ubelgiji kilitatua hilo kwa njia rahisi. Kilianzisha hazina mwaka 2008 na kuamua kwamba katika kupandisha vyeo, makala zitakazohesabiwa ni zile tu zilizomo humo. Hazina ikajaa. Hatua hiyo haihitaji mfadhili wala fedha nyingi, bali uamuzi wa baraza la chuo au bodi ya taasisi.

Sharti la pili lihusu lugha. Makala ya Kiingereza yenye majedwali, hata ikiwa wazi kiasi gani, haimfikii mkulima wa Kiteto. Kila mradi wa kilimo unaolipwa na umma ungeweza kutakiwa kuweka, pamoja na makala, muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili: tatizo ni lipi, kilichojaribiwa ni nini, wapi, kwenye udongo gani, na mkulima afanye nini. Mabwana shamba na mabibi shamba wangekuwa na cha kubeba, na wenye maduka ya pembejeo wangekuwa na cha kumwonyesha mteja zaidi ya karatasi iliyobandikwa na mtengenezaji kwenye chupa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Utafiti uliolipiwa na wananchi ni mali yao, na hazina ya wazi ndiyo daftari lake. Vyama vya ushirika na vya wakulima, ambavyo hukutana na wabunge na madiwani kudai mbolea na barabara, vina kila sababu ya kuongeza dai hili katika orodha: kituo cha utafiti kilicho katika wilaya yao kimegundua nini katika miaka mitano iliyopita, na kimeliweka wapi ili lisomwe.