Mfereji Una Walinzi, Mtungi Hauna

Hapa Digodigo maji ya chemchemi yana wenyewe. Wenamiji, wazee wa baraza la Wabatemi, hugawa zamu za mifereji, na aibaye zamu ya mwenziwe hutozwa faini. Ni sheria njema. Kwayo mtama na viazi vitamu vyastawi katika nchi kavu. Lakini mbuzi wakiingia mferejini na kuacha mavi yao, ni nani amtozaye mchungaji?

Shamba limepewa walinzi, mtungi wa mtoto haukupewa hata mmoja. Maji yapitayo chini ya kwato, na kando ya vichaka tuendako haja, ndiyo mama ayatekayo jioni. Kisha mtoto aharishapo, watu huulizana ni nani aliyemtupia jicho baya.

Wako wasemao, “Babu zetu waliyanywa haya haya, wakazeeka.” Hoja hii naikataa kabisa. Waliozeeka tuliwaona barazani. Waliozikwa kabla ya kuota meno hawakuja barazani kutoa ushahidi.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa mmoja wa London, na wakubwa wa mji walisema ni hewa mbaya. Tabibu John Snow akafuata habari za wafu nyumba kwa nyumba, akaona wengi walikunywa maji ya pampu moja. Mpini wake ukaondolewa. Baadaye ikajulikana kwamba shimo la choo lilikuwa karibu sana na kisima kile.

Nasi je? Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walikuja Samunge, jirani zetu, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Kila mtu aliulizia kikombe. Ni wangapi waliouliza maelfu wale waenda haja wapi?

Wengine watasema kuchemsha maji kwamaliza kuni, na azibebaye ni mwanamke. Hapo wana haki. Walakini chupa ya plastiki isiyo na rangi, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juani kwa muda wa saa sita, jua huua vijidudu vilivyomo. Mawingu yakitanda, iachwe siku mbili. Jua letu halina zamu.

Basi nawaomba wenamiji: mbuzi wanyweshwe chini ya mahali pa kuteka, si juu yake; choo kisichimbwe kando ya mfereji; na avunjaye atozwe faini ile ile atozwayo mwizi wa zamu.