Mwache Alale Kwanza



Mnaofanya kazi katikati ya Nairobi mnaijua bustani ya Jeevanjee, pale kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Ikifika saa saba mchana, nyasi zimejaa watu, na watumishi wa Mungu wamesimama na Biblia. Sipingi huduma hiyo hata kidogo. Wako watu waliompokea Yesu pale na hadi leo wamesimama imara.

Ila watumishi wenzangu, mnivumilie. Si kila aliyelala kwenye nyasi ni mvivu au mlevi wa kuamshwa kwa spika.

Mwangalie vizuri. Shati limepigwa pasi. Viatu vimeisha kisigino. Bahasha ya vyeti ameiweka chini ya kichwa. Huyo ametoka nyumbani alfajiri kwa miguu, amezunguka Industrial Area akiulizia kazi, geti baada ya geti. Kurudi nyumbani saa saba hawezi, watoto watamwuliza amewaletea nini. Kwa hivyo anangoja jioni. Mjini hapa ukiketi mahali pengi utaulizwa unanunua nini, ila si hapo.

Halafu unamwekea spika sikioni unamwambia aache uzembe!

Someni 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka kushusha moto Karmeli, na bado alichoka hadi akaomba kufa. Akalala chini ya mretemu. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, na Eliya alipolala tena, malaika hakukasirika. Akarudi mara ya pili na chakula. Mungu alimwuliza anafanya nini, ndiyo, lakini huko Horebu, baada ya siku arobaini. Sisi tunaanza na swali la Horebu kabla mtu hajaonja mkate.

Na hiyo bustani yenyewe ni zawadi. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mwislamu, aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Mwaka 1991 palipotakiwa kujengwa jumba la ghorofa na maegesho ya magari, mjukuu wake Zarina Patel akasimama pamoja na wananchi wakapinga, mpango ukafa. Mwislamu ametuachia nyasi za kupumzikia bure, na makanisa yetu mengi yana ukuta, geti na mlinzi Jumatatu hadi Jumamosi. Hilo nalo tuliombee.

Ukienda Jeevanjee wiki hii, spika iache kanisani. Beba chapati mbili na chupa ya maji. Keti karibu naye, usimsimamie. Akiamka, msalimie, mwulize kama amekula. Akitaka kujua unaabudu wapi, mwambie. Asipouliza, mwachie ile chapati ya pili uende kazini.