Ujumbe wa kliniki usioeleweka unamponza mtoto wako

Mama mmoja alinionyesha simu yake akiwa amekasirika. Kliniki ilikuwa imemtumia ujumbe: "Chanjo ya mtoto ni tarehe 12, saa 09:00." Akafika na mtoto mgongoni saa tisa alasiri, kama alivyosoma. Alikuta huduma ya chanjo imefungwa, kwani aliyeandika alimaanisha saa tatu asubuhi. Mtoto wa miezi tisa akarudi nyumbani bila chanjo ya surua, na nauli ikapotea. Muuguzi akamwambia, "Mama, hukusoma vizuri."

Mimi nasema alisoma vizuri. Aliyekosea ni aliyeandika.

Ndugu msomaji, huduma nyingi za afya sasa zinapitia kwenye simu: kupanga miadi, kupata majibu ya vipimo, kukumbushwa dawa. Ni jambo jema. Mwaka 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni hapa Tanzania ilianza kuwatumia wajawazito na wazazi ujumbe mfupi wa bure kwa Kiswahili. Lakini ujumbe unamsaidia mgonjwa pale tu anapouelewa kama alivyokusudia mwandishi. Kuandika hivyo ni kazi ya kujifunza, na misingi yake si mingi.

Kwanza, saa iandikwe kwa maneno: "saa tatu asubuhi." Tarehe iandikwe na jina la siku na la mwezi. Ukiona 06/05 huwezi kuwa na hakika kama ni Mei 6 au Juni 5.

Pili, yatumike maneno ya watu. Mtu akiandikiwa "majibu ni chanya" anaweza kushangilia, maana mtaani chanya ni jambo zuri. Maabara inamaanisha ugonjwa umeonekana. Kwa nini isiandikwe, "Umekutwa na vimelea vya malaria, njoo leo uchukue dawa"? Hata hivyo, majibu ya siri kama ya VVU yasitumwe hivyo, kwani simu nyingi nyumbani hushikwa na zaidi ya mtu mmoja.

Tatu, dawa ielezwe yote. "1x3" ni lugha ya wahudumu. Mzazi anahitaji kusoma, "Kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, kila baada ya saa nane." Kwa dawa ya maji, "kijiko kimoja" hakitoshi, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Iandikwe mililita ngapi, na mzazi apewe kipimo chake.

Nne, kila ujumbe useme mtu afanye nini. Programu ikiandika "Ombi limeshindikana" na kunyamaza, mgonjwa anabaki njia panda. Iongeze: "Jaribu tena baada ya dakika tano, au piga namba hii."

Wapo watakaosema wagonjwa wazoee tu, kwani kila kitu kinakwenda kidijitali. Sikubaliani nao. Bibi anayemlea mjukuu ana haki ya kuelewa sawa na kijana aliyesoma chuo. Na kuujaribu ujumbe hakuna gharama kubwa: kabla ya kuutuma kwa maelfu, wape watu watano waliokaa kwenye benchi la kliniki, kisha waulize, "Umeelewa ufanye nini?" Wawili wakijibu tofauti, uandikwe upya.

Wewe mzazi, usione haya. Ukipata ujumbe unaokutatiza, piga simu au nenda dirishani uulize: "Ni asubuhi au alasiri? Ni mililita ngapi?" Usikisie dozi ya mtoto. Kisha waambie waliouandika kwamba haueleweki. Usipowaambia, wiki ijayo watautuma uleule kwa mzazi mwingine.