Gesi inayozima moto huua na mtu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani,

Sisi wa Uvira na bonde la Ruzizi tunajua ubaya wa moto. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika na kushika moto. Watu zaidi ya 200 walikufa. Tangu hapo tunaogopa petroli. Lakini ile gesi ya kuzimia moto, wengi hawaiogopi.

Mafuta yakiwaka nje, huzimwa kwa povu. Ndani ya chumba cha mashine za umeme, maji na povu ni hatari, maana hupitisha umeme. Kwa hiyo vyumba vingi vya namna hiyo huwekewa chupa kubwa zilizoandikwa CO2. Moto ukitokea, gesi hujaa chumbani, moto hukosa oksijeni, hufa.

Na mtu je? Ili kuzima moto, chumba hutakiwa kuwa na gesi hiyo angalau sehemu 34 kwa 100. Kwa mtu, sehemu 10 tu humzimisha akili kwa dakika chache. Zikipita 17, dakika moja inaweza kutosha kumwua. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, mashimoni na kwenye mifereji ya nyaya. Ndiyo ile ile ambayo watu wa Goma huiita mazuku. Huko Nyos, Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, ilitoka ziwani ikaua watu zaidi ya 1,700.

Mkubwa wa kazi atasema: chupa zimenunuliwa, kibao kiko mlangoni, yatosha. Mimi nasema haitoshi. King'ora kilie kwanza, watu wapate muda wa kutoka. Mlango ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Fundi akiingia kutengeneza, vali ifungwe kwa kufuli. Vifaa vya kupumulia vyenye chupa ya hewa viwe nje ya mlango. Na kila zamu ifanye mazoezi, hata zamu ya usiku. Pasipo hayo, afadhali chupa hizo zisiwekwe. Mashine hununuliwa nyingine. Baba wa watoto hanunuliwi.

Nawe mfanyakazi, ukisikia king'ora, toka, acha vyombo. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Piga kelele, ita kikosi cha uokoaji. Kitambaa chenye maji puani hakizuii gesi hii, wala barakoa ya vumbi. Ukimfuata hivyo, tutabeba maiti mbili badala ya moja.

Mama, usimtume mtoto kupeleka chakula ndani ya chumba hicho. Na mzee akikuambia kwamba hulala humo zamu ya usiku, mkataze.

Tahadhari kabla ya hatari.

Mganga msaidizi