Shule na Shamba: Mwalimu wa Pwani na Jembe la Wanafunzi

Mtu asikiapo jina la Pwani hufikiri mara moja habari za Mombasa, Lamu na minazi. Walakini iko Pwani nyingine, mbali sana na bahari, nayo ni kijiji cha Njoro katika Kaunti ya Nakuru, mahali ambapo mvua ikikawia mkulima huyatazama mawingu yakipita juu ya shamba lake kwenda kunyesha kwingine. Katika kijiji hicho iko Shule ya Sekondari ya Keriko, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana. Jina lake lilienea duniani tarehe 24 Machi 2019, siku ambayo mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Bruda Peter Tabichi wa shirika la Wafransisko, alisimama jukwaani huko Dubai akapokea tuzo ya mwalimu bora wa dunia, pamoja na dola milioni moja za Marekani. Alichaguliwa miongoni mwa waalimu 10,000 waliopendekezwa kutoka nchi 179, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo hiyo.

Katika habari zile watu wengi walishika jambo moja tu, kwamba mwalimu huyu alikuwa akitoa sehemu 80 katika kila 100 za mshahara wake kuwasaidia maskini. Yaani katika kila shilingi 10 alizopokea, 8 zilikwenda kwa wenye shida, wakiwamo wanafunzi wasioweza kununua sare na vitabu, naye akabaki na 2. Jambo hilo ni la kusifiwa, na karani yeyote ajuaye mshahara unavyoyeyuka kabla ya tarehe 15 atastaajabu. Lakini mtu akiitazama kazi yake vizuri ataona kwamba fedha zile ndizo zilizokuwa sehemu ndogo.

Hali ya shule wakati ule ilikuwa hivi. Katika kila wanafunzi 100, 95 walitoka katika nyumba za maskini. Karibu theluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja, na wengi nyumbani kwao hawakupata chakula cha kutosha. Mwalimu mmoja aliwafundisha watoto 58. Shule nzima ilikuwa na kompyuta moja, na wanafunzi walitembea hata kilometa 7 kuifikia. Njaa ya darasani haina kelele. Mtoto aliyekunywa chai isiyo na maziwa alfajiri, akatembea mwendo huo, ikifika saa tano macho yake yapo ubaoni bali akili imekwenda safari. Mwalimu asiyejua habari za nyumbani humwita mvivu, akampa adhabu.

Kenya ni nchi iliyozoea kuchangia shule. Tangu tarehe 1 Juni 1963, Mzee Jomo Kenyatta alipolifanya neno Harambee kuwa wito wa taifa, wazazi wamejenga madarasa mengi yasiyohesabika kwa mabati, saruji na jasho lao wenyewe. Kila aliyehudhuria mchango katika Bonde la Ufa anajua jinsi kuku mmoja anavyonadiwa mara tano, akinunuliwa na kurudishwa, mpaka anatoa bei ya ng'ombe. Wanafunzi nao hawakuachwa nyuma. Walitembea matembezi ya kuchanga fedha za kupambana na njaa, wakibeba kadi za wafadhili kutoka nyumba hata nyumba. Na mwezi Julai 2011, ukame ulipowaumiza watu wa Turkana na majirani zao, ulianzishwa mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Shule zilishiriki pamoja na watu wazima, na watu wakatuma kwa simu hata shilingi 10, mpaka zikapatikana zaidi ya shilingi milioni 500.

Basi, watu ni wakarimu. Kasoro iko kwingine. Darasa likijengwa huonekana, na jina la mgeni wa heshima huandikwa juu ya jiwe ukutani. Chakula kikiliwa kimekwisha. Ni nadra sana kumwona mgeni wa heshima akizindua sufuria ya githeri. Tena tangu 2008 Serikali imekuwa ikilipa gharama za masomo katika sekondari za kutwa, na mwaka 2018 kiasi hicho kilifikishwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi. Lakini chakula cha mchana kilibaki mikononi mwa mzazi. Kwa hiyo mtoto aweza kuwa amelipiwa masomo kwa fedha za umma, naye akarudishwa nyumbani, au akarudi mwenyewe kwa aibu, kwa sababu ya sahani.

Yafaa msomaji achukue kalamu apige hesabu kidogo. Wakati Bruda Tabichi alipotuzwa, Keriko ilikuwa na wanafunzi 400. Tuseme kila mmoja apewe mchana gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharagwe, kipimo kilichozoeleka katika mipango ya chakula cha shule. Kwa siku moja hizo ni kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe. Kwa muhula wenye siku 60 za masomo, ni kilo 3,600 za mahindi, yaani magunia 40 ya kilo 90, na maharagwe magunia 10 na ziada. Ekari moja ikitoa magunia 15, basi shule yahitaji karibu ekari 3 za mahindi kwa muhula mmoja tu, na mihula ni mitatu. Hayo ni wakati mvua inapokuja. Isipokuja, ekari 3 zaweza kutoa mabua ya kulisha punda.

Hesabu hiyo yaonyesha mambo mawili. Kwanza, mshahara wa mtu mmoja, hata akiutoa wote, hauwezi kulisha shule. Pili, hata bustani ya shule haiwezi, na wale wanaoisifu kana kwamba itawashibisha wanafunzi wote hawajawahi kupima gunia. Bustani ya shule ni darasa. Mavuno yake ya kweli huvunwa katika mashamba ya wazazi.

Jambo hili Bruda Tabichi alilifahamu. Yeye na waalimu wenzake wanne walikuwa wakiwafundisha wanafunzi dhaifu hisabati na sayansi nje ya saa za darasa na mwisho wa juma, naye akizizuru nyumba za wanafunzi apate kujua taabu zao. Mtu akiingia jikoni mwa mwanafunzi wake hahitaji kuambiwa kwa nini mtoto anasinzia. Ndipo akawa anawafundisha watu wa mahali pale kupanda mazao yanayovumilia ukame, akisema wazi kwamba mahali penye upungufu wa chakula, kufundisha ukulima mpya ni jambo la kufa na kupona.

Wakulima wa Njoro wanajua kwa nini. Mahindi ni mmea wa anasa. Yakikosa maji wiki mbili wakati wa kutoa ndevu, kazi ya msimu mzima imepotea, hata kama mvua itanyesha baadaye kwa wingi. Mtama sivyo. Mizizi yake huenda chini sana, na jua likizidi majani hujikunja, mmea ukalala kama unaongoja, na mvua ikirudi huamka. Njahi nayo hubaki kijani wakati maharagwe yamekwisha kukauka. Boga hufunika ardhi isikauke upesi. Majani yake ni mboga, mbegu zake huliwa, na tunda lililokomaa hukaa miezi likiwa zima bila dawa. Hata nyumba isiyo na shamba yaweza kujaza gunia kwa udongo na samadi, ikatoboa ubavuni na kupanda sukuma wiki, ikamwagilia maji yaliyooshea mboga. Hakuna moja katika hayo linalohitaji mchango wa mgeni wa heshima.

Kizuizi kikubwa ni heshima ya jembe lenyewe. Katika shule nyingi mwanafunzi huliona jembe siku aliyochelewa au aliyofanya makosa, akaambiwa alime ngwe moja kabla ya kuingia darasani. Akilishika kama adhabu miaka minne, atalipendaje akimaliza? Nao wazee wana sababu zao. Kabla ya 1963 Njoro ilikuwa nchi ya walowezi, na baba zao waliishi katika mashamba yale kama maskwota, wakitumika siku 180 au zaidi kwa mwaka wapate ruhusa ya kulima kipande chao. Mzee wa namna hiyo alipompeleka mtoto shuleni, alimpeleka ili aliache jembe. Akiambiwa leo kwamba mwanawe anajifunza kupanda mtama, huona amedanganywa.

Vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962 vikiwa na nia ya kuliondoa wazo hilo, kwa kumpa mtoto mradi wake mwenyewe wa kuku, sungura au mboga. Baadaye vilififia, na mwaka 2021 Serikali ikavifufua. Mahali vinapokwenda vizuri, mtoto huandika daftari la mbegu, samadi na mauzo, akajua faida na hasara kabla hajajua maneno yenyewe. Mahali vinapokwenda vibaya, chama huwa na kibao kizuri langoni na magugu nyuma ya madarasa.

Keriko ilipata njia ya kuipa sayansi heshima, na heshima hiyo ikawafikia wanafunzi. Waliunda chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, na katika maonyesho ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2018 shule yao ya kijijini ikawa ya kwanza nchini miongoni mwa shule za umma. Wengine walitumia mimea ya kwao kutoa umeme, wakapata tuzo ya chama cha wanakemia cha Uingereza. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 ndio walioendelea na vyuo. Mwaka 2018 wakawa 26. Wasichana waliwashinda wavulana katika mitihani yote minne ya mwaka. Mtoto aliyekwisha kuona kwamba mmea wa kando ya njia waweza kuwasha taa haudharau tena udongo.

Kilikuwako pia chama cha amani, ambacho wanafunzi wa makabila saba walikutana kujadiliana na kupanda miti. Msomaji asidhani hilo ni jambo mbali na chakula. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza wakulima wengi wa Molo na Njoro katika mashamba yao, na mashamba mengi hayakupandwa msimu uliofuata. Ghala la mtu aliyelala hemani huwa tupu hata mwaka wa mvua nzuri.

Liko jambo moja ambalo mwalimu wala bustani havikuliweza. Mvua ileile ambayo wazazi wa Pwani huiombea ndiyo iliyokuwa ikizifunga barabara za kwenda shuleni, hata zisipitike. Katika juma ambalo mahindi yalikuwa yakichipuka vizuri kuliko yote, viti vingine darasani vilikuwa vitupu. Tangu 2013 barabara nyingi za vijijini zimekuwa mzigo wa serikali za kaunti, na kilometa 7 za changarawe haziwezi kulipwa kwa mnada wa kuku.