Elimu kwa Wote: Nguvu ya Atomu Hutoka Wapi?

Kila msomaji amepata kusikia habari za nguvu ya atomu, lakini si wote wafahamuo hutoka wapi. Wengine hudhani ni namna ya moto mkali. Sivyo. Kuni zikiungua, atomu zake huachana na kujiunga upya na za hewa, wala hakuna hata moja iharibikayo. Katika jambo hili, kiini chenyewe cha atomu ndicho kipasukacho.

Madini yatumikayo ni urani, hasa ile namna adimu iitwayo urani 235. Kiini chake kikiingiwa na chembe ndogo iitwayo nyutroni, hutikisika, kikapasuka vipande viwili virukavyo kwa kasi kubwa mno. Vipande hivyo vikigonga atomu za jirani, mwendo wao hugeuka joto. Tena, vyote vikipimwa pamoja, uzito huwa umepungua kidogo. Upungufu huo ndio uliogeuka nguvu. Kilo moja ya urani 235 ikipasuka yote, upungufu haufiki gramu moja, lakini joto lake hushinda la tani 2,000 za makaa ya mawe.

Kila kiini kipasukacho hutoa nyutroni mpya, mbili au tatu. Kila kimoja kikipasua viwili, viwili huwa vinne, vinne huwa vinane; kufikia kizazi cha 80 hivi, kilo nzima imekwisha, kabla hujapepesa jicho. Hilo ndilo bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ambalo urani yake nyingi ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Lakini nyutroni zikipunguzwa hata kila kiini kipasue kimoja tu, joto hutoka kwa utaratibu. Enrico Fermi na wenzake walithibitisha hayo mjini Chicago, Marekani, tarehe 2 Desemba 1942. Walipanga urani katikati ya matofali ya grafiti, ambayo hupunguza mwendo wa nyutroni, wakatia fimbo za kadimiamu, madini yanywayo nyutroni. Fimbo ya mwisho ilipovutwa nje polepole, kazi ilianza, iliporudishwa, ilikoma. Nguvu waliyopata ilikuwa nusu wati, isiyotosha kuwasha taa.

Siku hizi joto la namna hiyo huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mitambo ya umeme. Hata hivyo, vipande vibakivyo hutoa mionzi yenye madhara, navyo hulindwa miaka mingi. Basi bomu na umeme huo asili yao ni moja. Kitenganishacho ni hesabu ya nyutroni, na uangalifu wa mwenye kuzihesabu.